Alikimbia meno ya watu, akaenda kupanda zabibu kwenye baridi

Na Mwandishi Wetu

KUNA watu ukiwaambia kitu fulani hakiwezekani, wanakunja jamvi na kurudi nyumbani. Na kuna wengine ukiwaambia hivyo, ndiyo kwanza umewatia ufunguo. David Lett alikuwa wa kundi hili la pili, na kama kundi hilo lingekuwa na mwenyekiti, kiti kingekuwa chake bila kupigiwa kura.

Bwana huyu alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1939, akakulia Utah, jimbo ambalo waumini wa Kimormoni ndio wengi na pombe kwao ni mwiko. Sasa piga picha. Kijana katoka huko, kasoma, anaelekea San Francisco kwa ajili ya masomo ya udaktari wa meno. Kazi ya heshima, mshiko wa uhakika, koti jeupe. Mama mkwe gani angemkataa?

Akiwa pande hizo akakatiza kwenye bonde la Napa, penye viwanda vya mvinyo, akaingia kimoja kidogo kutazama mambo yanavyokwenda. Ikawa basi tena. Meno ya watu akayasahau palepale. Akaenda kusomea kilimo cha zabibu katika Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, ambacho kwa Marekani ndicho baba lao kwa masuala ya zabibu na mvinyo. Kisha akavuka bahari kwenda Ulaya, akazunguka mashamba ya huko akitazama, akionja na kuuliza maswali.

Aliporudi alikuwa ameshazimia. Si kwa msichana (huyo anakuja baadaye, vuta subira), bali kwa zabibu iitwayo Pinot noir.

ZABIBU YENYE MARINGO

Pinot noir ni zabibu nyeusi yenye ngozi nyembamba, na ina maringo kama mrembo aliyevishwa taji jana usiku. Nyumbani kwake ni Burgundy, Ufaransa, ambako watawa waliihangaikia kwa karne nyingi. Ukiipeleka kwenye joto kali, inaiva mbio mbio: sukari inapanda, uchachu unashuka, na ile harufu inayoipa sifa inapotea kabla haijakomaa. Mvinyo unatoka mzito kama jamu. Ukiipeleka kwenye baridi iliyopita kiasi, haiivi kabisa. Inachotaka ni kuiva polepole, mchana ipate jua la kiasi na usiku upepo wa ubaridi, mpaka karibu na mwisho wa msimu.

Hapa kwetu zabibu tunayoijua ni ya Dodoma. Kule Makutupora na Hombolo mzabibu hauna usingizi, maana hakuna majira ya baridi ya kuulaza. Mkulima akiupogoa kwa wakati, anavuna mara mbili kwa mwaka. Kwenye nchi za baridi hadithi ni nyingine. Mti unapukutisha majani, unalala miezi kadhaa kama umekufa, unaamka Aprili, unatoa maua Juni, na kutoka hapo mkulima ana siku mia na kidogo tu za kuivisha. Mvua za vuli zikiwahi kabla zabibu hazijawa tayari, mwaka mzima umekwenda na maji. Hakuna msimu wa pili wa kufidia.

Kwa hiyo anayekwenda kulima zabibu kwenye baridi kwa hiari yake ni mtu anayecheza kamari, na anaijua.

Hesabu ya Lett ilikuwa hii: California ina jua zuri, lakini kwa Pinot noir jua hilo limezidi. Akaanza kusaka sehemu ya Marekani yenye hali ya hewa inayokaribiana na ya Burgundy. Kidole kikatua kwenye bonde la Willamette, jimbo la Oregon, karibu na nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Upande wa magharibi kuna milima inayolikinga na bahari ya Pasifiki, upande wa mashariki kuna safu ya Cascade inayozuia baridi kali ya bara. Mvua nyingi hunyesha majira ya baridi, wakati mzabibu umelala. Kiangazi ni kikavu, na jua lake si la kuunguza.

Wataalamu waliomfundisha wakamwambia anapotea. Oregon ni baridi na maji tupu, wakasema. Jalidi itaua machipukizi, mvua itaozesha matunda. Wakulima wa bonde hilo walikuwa wa plamu za kukausha, karanga za miti na mifugo. Nani alikwenda huko kutafuta mvinyo?

Kwa haki, Lett hakuwa mtu wa kwanza kupanda Pinot noir jimboni. Richard Sommer alishatangulia mwaka 1961, lakini kusini zaidi, kwenye joto kidogo. Bonde la Willamette lenyewe lilikuwa bado.

MICHE 3,000 NA FUNGATE SHAMBANI

Januari 1965 Lett akaingia Oregon na miche 3,000 ya vipandikizi. Alikuwa na miaka 25. Tarehe 22 Februari akaichomeka kwenye kitalu karibu na mji wa Corvallis, kwenye mvua, huku akiendelea kutafuta shamba la kudumu.

Mwaka uliofuata alipata mawili kwa mpigo, shamba na mke. Shamba lilikuwa la eka 20 kwenye vilima vya Dundee, penye udongo mwekundu wa volkano. Ukitaka kuuona udongo wa namna hiyo bila kupanda ndege, nenda miteremko ya Meru. Mke alikuwa Diana. Wenzao wakioana huenda ufukweni kupunga upepo. Hawa fungate yao walikula wakiwa wameinama, wanachimba mashimo na kupanda mizabibu. Dada zangu mnaosoma hapa, mjiulize wenyewe kama mngekubali.

Juu ya shamba, kwenye miti mirefu, kulikuwa na mwewe waliojenga kiota. Kiota cha ndege wa namna hiyo kwa Kiingereza huitwa eyrie, na shamba likapata jina: The Eyrie Vineyards.

Mzabibu hauna haraka. Ukipanda leo, utangoja miaka mitatu, minne, ndiyo uone kitu cha kueleweka. Katikati hapo watu wanakula nini? Lett akawa mchuuzi wa vitabu vya vyuo, anazunguka na gari kuuza vitabu vya kiada, jioni na mwishoni mwa wiki anarudi kwenye jembe. Hakuwa na mfadhili, wala hakuwa na baba mwenye kampuni ya mafuta. Ilipofika 1970, zabibu za kwanza zimeiva, hakukuwa na pesa za kujenga jumba la mvinyo kama yale ya kwenye kalenda. Wakachukua jengo lililokuwa kiwanda cha kusindika bata mzinga katika mji wa McMinnville, wakalisafisha, wakaingiza mapipa. Jengo hilo hilo ndilo wanalotumia mpaka leo.

Mvinyo wa kwanza haukumfurahisha mwenyewe. Ulitoka mwepesi mno, rangi imepauka. Mwingine angeubandika jina kubwa na kuuza kwa wasiojua. Lett alikataa kuuita Pinot noir, akaandika kwenye chupa "Mvinyo wa Masika wa Oregon" kwa Kiingereza chao, mambo yakaishia hapo. Kwa mtu aliyeacha udaktari na kuuza vitabu barabarani kwa ajili ya zabibu hiyo hiyo, kulikataa jina lake kwenye chupa ya kwanza si jambo dogo. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumfagilia.

Kitu kingine kilichokuwa kwenye ile miche ni vipandikizi 160 vya zabibu iitwayo Pinot gris, ndugu wa Pinot noir anayetoa mvinyo mweupe. Marekani nzima hakuna aliyekuwa ameipanda kwa biashara. Watu hawakuijua hata kuitamka. Leo ndiyo zabibu ya mvinyo mweupe inayoongoza Oregon.

PARIS YASHTUKA, BEAUNE WAKAUNGA MKONO BILA KUPENDA

Sasa tufike penye kisa.

Mwaka 1979 jarida la Kifaransa la Gault-Millau liliandaa mashindano Paris na kuyaita Olimpiki ya Mvinyo. Zilipelekwa aina 330 kutoka nchi 33, na waamuzi walionja bila kuonyeshwa chupa ni ya nani. Kwenye kundi la Pinot noir likatokea jina ambalo hakuna aliyelitegemea. Chupa ya mavuno ya 1975 kutoka Eyrie, iliyotoka kwenye mistari ya shamba inayoitwa South Block, ikaingia kumi bora. Mizabibu yake ilikuwa na miaka tisa tu tangu ihamie kilimani ilipovunwa. Jengo lake lilinuka bata mzinga juzi juzi. Na hapo ikajipanga na vigogo wa Burgundy.

Wafaransa kimya? Wapi! Robert Drouhin, mwenye nyumba ya mvinyo ya Joseph Drouhin iliyoanza mwaka 1880 katika mji wa Beaune, alisema wazi kwamba chupa za Burgundy zilizopelekwa Paris hazikuwa za kuiwakilisha Burgundy ya kweli. Basi irudiwe mechi, nyumbani kwake, na yeye alete wachezaji wake halisi.

Mechi ikarudiwa Beaune mwaka 1980. Drouhin akateremsha kikosi kizito kutoka ghalani kwake, tena baadhi ni chupa za miaka ambayo Wafaransa huitaja kwa kunong'ona. Waamuzi wakaonja, wakaandika, kura zikahesabiwa. Wa kwanza: Chambolle-Musigny ya Drouhin, mavuno ya 1959. Wa pili: Eyrie ya 1975. Tofauti kati yao ilikuwa sehemu mbili za kumi za pointi moja.

Sehemu mbili za kumi, bwana! Na chupa iliyoshinda ilikuwa imezidi umri wa ile ya Oregon kwa miaka 16. Kwenye soka tungesema mwenyeji ameponea dakika za majeruhi, kwa penalti ambayo redio zote zingeibishania mpaka Jumatano.

Na Drouhin hakununa. Binti yake, Véronique, alikwenda Oregon mwaka 1986 kufanya kazi ya mavuno na familia za huko, ya Lett ikiwemo. Mwaka 1987 baba akanunua ardhi kwenye vilima vilevile vya Dundee, na mwaka 1988 Véronique akatengeneza mvinyo wa kwanza wa Domaine Drouhin Oregon. Ukiona aliyekushinda kwa pointi kiduchu anakuja kujenga jirani na wewe, ujue ujumbe umefika. Leo Oregon ina viwanda vya mvinyo zaidi ya 1,000.

UNAONJAJE KITU CHA NAMNA HII?

Wengi wetu tumelelewa na mvinyo mtamu, ule wa kwenye harusi, unaoshuka kama sharubati na asubuhi unakudai. Pinot noir ya baridi ni mtu mwingine kabisa. Kwanza rangi: imepauka, nyekundu ya kuonekana upande wa pili, ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Usidhani umetiwa maji. Kisha harufu, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda: matunda mekundu, udongo uliolowa, majani makavu, wakati mwingine uyoga. Mdomoni ni mwepesi na una uchachu unaoamsha mate. Uchachu huo ndio baridi yenyewe unayoionja. Na ndio unaofanya chupa ikae miaka 20, 30 bila kufa, kama umeilaza penye ubaridi na giza.

Mtaalamu wa mjini anayejua kila kitu atakwambia mvinyo mwekundu unanywewa katika joto la chumba. Chumba cha nani? Aliyeanzisha usemi huo alikuwa na nyumba ya mawe Ulaya. Chumba cha Sinza mwezi Januari si mahali pa kuweka Pinot noir. Iweke kwenye friji nusu saa, kisha ndiyo umimine. Pinot gris yenyewe ifuate samaki. Changu wa kukaanga na ndimu vitapatana nayo kuliko nyama choma yenye pilipili ya kuua.

Tatizo la mvinyo mwepesi ni kwamba haupigi kelele. Miaka ya 1980 na 1990 soko la Marekani lilianza kuwasifu watengenezaji waliotoa kitu cheusi, kizito, chenye kilevi kikubwa na ladha ya mbao za pipa. Waliokuwa wepesi wakaambiwa wamechemsha. Wengi wakageuza mwelekeo. Lett alitia ngumu. Alivuna mapema kuliko wengi, hakutaka mbao zimfunike mtoto wake, na shambani hakumwagilia maji, hakupulizia dawa za kuua wadudu wala magugu. Magazeti yakapita, wakaandika kuhusu wengine. Yeye na chupa zake wakakaa.

Alikuwa na jina la utani, Papa Pinot, na ndevu za kufaa jina hilo.

KIJITI KWA MTOTO

Mwaka 2005 kazi ya kutengeneza mvinyo ilihamia kwa mwanaye, Jason Lett. Biashara za familia mnazijua. Mzee aliyejenga kitu kwa ubishi si rahisi akapisha kwenye usukani, na kijana naye hataki kuonekana dereva wa kuazimwa. Jason alikuwa na lebo yake mwenyewe pembeni, BlackCap, kabla ya kuingia kwenye viatu vya baba. David alifariki Oktoba 2008, akiwa na miaka 69.

Jason angeweza kubadilisha kila kitu. Hakubadilisha. Mashamba ya familia bado hayamwagiliwi, bado hayapigwi dawa hizo. Udongo haulimwi kwa trekta la kupindua, majani yanaachwa yaote katikati ya mistari. Amepanda pia zabibu ambazo baba hakuwa nazo, kama Trousseau ya mashariki ya Ufaransa. Kazi moja aliyoifanya naiheshimu sana: akaingia kwenye ghala la chupa za zamani walizoweka tangu miaka ya mwanzo, akazifungua, akaonja moja moja, zilizokuwa salama akaziziba upya kwa kizibo kipya, zilizoharibika zikatupwa. Kwa hiyo anayenunua chupa ya zamani kutoka ghalani kwao hanunui mbuzi kwenye gunia.

Lakini kijana huyu amerithi na matatizo ambayo mzee hakuyapanda.

La kwanza ni kidudu. Kuna mdudu mdogo anayeitwa filoksera, anayekula mizizi ya mzabibu wa Kizungu. Karne ya 19 alifyeka mashamba ya Ufaransa. Dawa yake iliyothibitika ni kupandikiza mzabibu juu ya shina la mizabibu ya asili ya Amerika, ambayo mizizi yake humvumilia. Lett alipopanda mwaka 1966 mdudu huyo hakuwa tishio bondeni, basi miti yake ikasimama kwa mizizi yake yenyewe. Mwaka 1990 filoksera akagundulika katika mashamba ya Oregon. Mzabibu wa mizizi yake hauna kinga dhidi yake. Dawa ni kung'oa na kupanda upya, na ukishang'oa mti wa 1966 hakuna duka unaloweza kwenda kununua mwingine.

La pili ni kubwa zaidi, na halina dawa ya kupandikiza. Bonde lile lilichaguliwa kwa sababu ya ubaridi, na ubaridi unaondoka. Zamani mavuno ya Pinot noir bondeni yalikuwa kazi ya Oktoba. Siku hizi mara nyingi Septemba watu wako shambani na makasi. Septemba 2020 moto wa misitu ulijaza moshi bondeni wakati matunda yananing'inia, na viwanda vingi vikaacha kutengeneza mvinyo mwekundu mwaka huo, maana zabibu hunyonya moshi na kwenye chupa unarudi kama ladha ya jivu. Tarehe 28 Juni 2021 mji wa Portland, kama kilometa 40 tu kutoka vilima vya Dundee, ulipata joto la nyuzi 46.7. Dar es Salaam yetu hii, na jasho lake lote la Januari, haijafika huko.

Wapo wanaosema joto kidogo limewasaidia Oregon, kwamba miaka ya zabibu kugoma kuiva imepungua. Ni kweli kiasi chake. Lakini walioingia kwa sababu hiyo wanaweza kupanda zabibu nyingine inayopenda jua na maisha yakaendelea. Familia ya Lett haiwezi kuhamisha South Block. Ile mistari iliyowatoa jasho Wafaransa iko kwenye mteremko uleule, kwenye udongo uleule mwekundu, ina miaka zaidi ya 55, na mavuno yake ni chupa chache tu. Kila mwaka Jason anaamua upya siku ya kuvuna. Akiwahi, ladha haijakomaa. Akichelewa, ule uchachu umeshakwenda, na mvinyo unakuwa kama wa California, kule baba yake alikoondoka na miche 3,000 kwa sababu kulikuwa na jua jingi.